Maziwa Niliyoyapeleka Kupimwa

Kabla sijasema lolote juu ya ugonjwa, niseme kwanza juu ya bidoni. Ilikuwa bidoni ya manjano ya lita tano. Niliisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka harufu yote ikaisha, nikaijaza maziwa ya asubuhi, nikaipeleka kwenye santre ya afya ya mtaa wetu hapa Kitshanga ili maziwa yale yapimwe. Nilikwenda kwa majivuno. Nilitaka watu waone kwamba mimi sitii maziwa yangu maji.

Usicheke bado. Hapa Masisi maziwa ni kazi. Ng'ombe wako vilimani, na sisi wanawake wa mji tunayanunua maziwa alfajiri kwa wachungaji, kisha tunayauza sokoni kwa vikombe au tunayapeleka kwenye nyumba za fromaji, yaani jibini. Huko mnunuzi ana kipimo chake, kijiti cha kioo anachokitumbukiza ndani ya maziwa. Kijiti kikizama sana, umetia maji, na jina lako limeharibika mpaka Mweso. Kwa hiyo ukimwambia mwanamke wa Kitshanga "kupima maziwa", anaona kijiti kile. Lakini katika Kiswahili chetu neno maziwa lina kazi mbili. Ni yale ya ng'ombe, na ni haya tunayonyonyeshea watoto. "Matiti" ni neno tunalolikuta vitabuni.

Basi jioni moja reko alipita mtaani. Reko ni mtu wa kujitolea anayezunguka na megafone kutangaza chanjo na vyandarua. Alipita kati ya nyumba zetu za mbao zilizobanana, akapaza sauti:

"Bamama bote! Kesho ku santre tunapima maziwa, bure! Kila mama akuye na maziwa yake!"

Mama Riziki alikuwa ameketi mlangoni kwake akimenya maharagi. Alikuwa jirani yangu na mwenzangu wa kazi. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao, na ubao mmoja ulikuwa na tundu tulilopitishiana makaa na chumvi, na maneno ya watu pia.

"Mutego," akasema. "Batu ya fromaji njo bametuma ule muntu. Banataka kutushika."

"Kushika nani? Miye maziwa yangu iko safi."

"Yako. Na ya wengine je?"

"Ya wengine mvua ilinyesha ndani."

Akanirushia ganda la haragi. "Funga kinywa, muntu wa pori! Kwenu munakamuaka nyani."

Muntu wa pori ni mimi. Nilizaliwa upande wa Walikale, siku mbili kwa miguu kutoka Pinga, katika kijiji ambako jua linachelewa kufika chini kwa sababu ya miti. Baba alikuwa mwindaji. Mama analima mihogo mpaka leo. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, nikaolewa na Kasereka, mwanamume kutoka Butembo mwenye duka la chumvi, sabuni na misumari. Duka halikunishika. Miguu yangu ikikaa inawasha. Kwa miaka karibu ishirini nilipanda na kushuka njia ile ya Pinga, Kalembe, Kashuga, Mweso, Kitshanga: nikipanda nina mafuta ya mawese, nikishuka nina fromaji na maharagi. Risasi zilipolia nilikaa, ziliponyamaza niliondoka. Kuna kona moja baada ya Kalembe ambapo msitu unaachia ghafla na vilima vya malisho vinaanza. Nikifumba macho sasa hivi naiona.

Wenzangu waliweka kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Mimi kichwa kiliniuma, nikaipitisha kifuani. Kwa hiyo kitu kigumu kilipotokea kwenye ziwa la kushoto, upande wa juu, nilijua ni kamba. Hakikuuma. Sikukifikiria hata siku moja.

Asubuhi ile wingu lilikuwa zito. Kwenye benchi za santre nilikuta wanawake kumi na watano hivi, na sikuwa peke yangu mwenye mzigo. Wengine wanne walikuwa na bidoni. Bibi mmoja alileta kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. Tulitazamana kwa ushindani, kila mmoja akikagua weupe wa maziwa ya mwenzake.

Mlango ukafunguka. Muuguzi, tulimwita Mama Julienne, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akatoka na kuziona bidoni, kisha kibuyu.

"Hii yote ni ya nini?"

"Ya kupima," bibi akajibu. "Ni ya leo asubui. Onja kama haunisadiki."

Mama Julienne akashika mwimo wa mlango. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Mungu wangu! Ule reko ataniua! Bamama, si maziwa ya ng'ombe! Ni haya!" Akakamata kifua chake kwa mikono miwili. "Maziwa yenu! Tunaangalia kama ugonjwa haiko ndani."

Tulicheka wote. Kisha kicheko kikaisha, aibu ikaingia mahali pake. Bibi akainua kibuyu chake. "Muntu akamate maziwa yangu? Hata bwana yangu alikufa bila kuyaona mu mwangaza." Akaondoka. Wawili wakamfuata, halafu wanne kwa pamoja. Mimi pia nilisimama, bidoni mkononi.

Hapo ndipo mvua iliposhuka. Mvua ya Masisi haibishi hodi. Mabati yalilia kama yanapigwa mawe, njia ikageuka mto wa matope, nami nilikuwa na lita tano za maziwa mkononi na kilima cha kupanda. Nikakaa tena.

Naomba msomaji aelewe jambo hili vizuri. Sikubaki kwa busara wala kwa imani. Nilibaki kwa sababu ya mvua.

Mikono ya Mama Julienne ilikuwa ya baridi. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisa taratibu huku vidole vyake vikizunguka upande wa kulia, akaniuliza habari za Asifiwe, binti yangu, kama amefaulu mitihani. Akahamia upande wa kushoto. Wimbo ukakatika. Mabati yalikuwa yanalia juu yetu.

"Hii iko hapa tangu wakati gani?"

"Ile ni kamba ya mizigo."

"Kamba inapita juu ya ngozi, mama. Hii iko ndani."

Akabonyeza tena. Akaniinua mkono, akabonyeza kwapani. Kisha akaniuliza jina langu kamili, yeye ambaye alinijua miaka yote, akaliandika kwenye karatasi.

"Kesho kutwa unashuka Goma."

"Kesho kutwa niko na fromaji ya kupeleka Pinga."

"Fromaji ioze," akasema. "Weye usioze."

Sikumbuki nilivyorudi nyumbani. Nakumbuka nilijikuta mlangoni, nimelowa, bidoni imejaa vilevile, na sauti ya Mama Riziki inatoka kwenye tundu la ubao.

"Balipima?"

"Balipima."

"Na ile kijiti?"

Ningeweza kusema. Kinywa kilikuwa changu na tundu lilikuwa wazi. Lakini niliwaza: nani atanunua maziwa kwa mwanamke ambaye maziwa yake yanaugua? Mji wetu unakula jina la mtu kabla jua halijazama.

"Ndiyo," nikasema. "Na kijiti."

"Baliniuliza?"

"Hapana."

"Aleluya!" akasema, akacheka, akanipitishia kaa la moto bila kuombwa. Nilidhani nimeficha siri yangu tu.

Goma nilikwenda na Kasereka kwa pikipiki mpaka Sake, kisha gari. Hospitali ina korido ndefu yenye benchi za mbao pande zote mbili, na unapewa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha kartoni. Unakaa. Kartoni inalowa jasho. Unajua kwamba mwenye namba ya mbele yako ana maumivu, lakini unaomba atoke haraka. Walinipitishia mashine ya picha, wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, wakasema rudini baada ya wiki tatu. Wiki tatu zile nilikaa kwa binamu wa Kasereka, nikifagia ua ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa.

Siku ya majibu docta alikuwa kijana. Alivaa soksi mbili za rangi tofauti, moja nyeusi, moja ya bluu. Alisema "kansere". Akasema na mengine mengi, midomo yake ilikuwa inatembea, nami nilikuwa natazama soksi na kujiuliza nani atamwambia. Kasereka aliuliza swali moja tu.

"Docta, ni miye nilimuambukiza?"

"Hapana, papa. Haiambukizi."

Kasereka akavua kofia, akaivaa, akaivua. Nilimjua mtu huyu miaka ishirini na moja na sikuwahi kumwona hajui aweke wapi mikono yake.

Walisema ziwa lazima litoke lote. Nilimpigia mama simu. Kwetu mtandao hauko kijijini. Ni lazima mtu apande kilima, na mama alipanda akiwa na mtoto wa kaka yangu wa kumshikia simu. Nilisikia pumzi yake kwanza.

"Banakata?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

Upepo wa kilima ulipiga kwenye simu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Na kisha kukata, banaiweka wapi?"

Nilikuwa nimemuuliza docta kila kitu isipokuwa hilo.

"Kitovu chako iko hapa, chini ya mugomba," mama akasema. "Ya Asifiwe pia, uliileta weye mwenyewe mu karatasi. Sasa ziwa yenye ilimunyonyesha itabaki Goma peke yake, kama yatima?"

Nilikwenda kuuliza. Mhudumu mmoja alinijibu bila kunitazama: wanachoma. Nilirudi kwenye simu na kumwambia mama ukweli, maana huyo sikuweza kumdanganya. Upepo ukapiga tena. "Basi nitazika kikwembe," akasema. Alikuwa amehifadhi kikwembe, kitenge nilichombebea Asifiwe mgongoni alipokuwa mchanga. Alikizika chini ya mgomba siku ileile niliyoingia kwenye chumba cha kukatwa. Sijui kama kilisaidia mwili wangu. Mimi kilinisaidia.

Nilipoamka nilikuwa na bandeji kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua, na mrija unaotoa maji mekundu kwenye chupa. Nikisimama nilipinda. Mwili ulidhani bado una uzito wa upande wa kushoto, ukajivuta kulia kuusawazisha. Nilitembea kama mtu aliyebeba bidoni mkono mmoja. Kasereka alishona mfuko kwa kitambaa, yeye mwenyewe, kwa sindano ya magunia ya dukani, ili chupa ile ikae ndani na watu wasiione. Mshono ulikuwa mbovu, lakini niliuvaa kama medali.

Lakini lazima niseme na lile jingine. Dada zake walimpigia kutoka Butembo, wakamshauri aanze kutazama pembeni, maana mwanamke aliyekatwa si wa kutegemea. Aliwajibu mbele yangu: "Nilioa muntu ao nilioa ziwa?" Nililia kwa furaha. Na mtu huyohuyo, kwa miezi mitatu, hakuweza kutazama kidonda. Nikifungua bandeji alitoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Asifiwe ndiye aliyeniosha, mtoto wa miaka kumi na saba, akiuma mdomo wa chini. Nilimchukia Kasereka kwa hilo, halafu nikaacha, halafu nikamchukia tena. Siku aliyotazama hatimaye, alisema, "Bameshona muzuri kuliko miye," nasi tukacheka kama wendawazimu.

Dawa za kutundika zilikuwa mara sita. Ya kwanza niliipata watu wakipanda maharagi. Ilikuwa nyekundu, na mkojo wangu ukawa mwekundu, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilipiga kelele chooni nikidhani nakufa. Ya pili ilichukua nywele zangu. Zilitoka asubuhi moja kwenye mto kama kofia. Kucha zilikuwa nyeusi. Kinywa kilionja chuma, hata bugali ilikuwa chuma. Na harufu ya maziwa, mimi niliyelishwa na maziwa miaka yote hiyo, mtu akipita na kikombe mwisho wa korido nilitapika. Ya tatu ilikuwa maharagi yakitoa maua. Ya nne ilichelewa kwa sababu barabara ilifungwa na mimi nilikuwa nimerudi Kitshanga kupumzika. Nilihesabu siku kumi na sita nikisikiliza milio ya risasi kwa mbali huku nikishika kovu langu.

Kilichoniumiza kuliko sindano ni kukaa. Siku za dawa walikuchoma asubuhi na ulikaa mpaka saa tisa. Nikaanza kutembea na chuma cha kutundikia dawa, magurudumu yakilia, huku na huku kwenye korido. Mlango wa maabara niliuita Pinga. Dirisha la kuchukulia vidonge lilikuwa Kalembe. Palipokuwa na bomba la maji palikuwa Kashuga, maana Kashuga kuna mto mdogo ambapo nilizoea kuosha miguu. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mgonjwa kama mimi, asiyejua barabara hiyo hata kidogo. Kila nikipita aliuliza, "Leo unafika wapi?" Nikamjibu, "Nalala Mweso." Naye: "Uniletee fromaji." Sikujua jina lake. Mara ya tano hakuwepo, na sikuuliza.

Ya sita ilikuwa mwisho wa mvua. Docta alisema sasa ni kidonge kimoja kila asubuhi kwa miaka, na kurudi kupimwa, na kwamba nilikuja mapema. "Mapema" ni neno alilolirudia mara mbili. Nilimwambia ilikuwa mvua. Hakuelewa.

Nilirudi Kitshanga wakati wa kiangazi, vumbi la pikipiki limefunika kila kitu. Nilikuwa sina nywele, kifua upande mmoja tambarare, na sikuwa na nguvu tena ya kuficha. Kwa mtaa mzima niliaga nikisema naenda kutibiwa tumbo. Mara nilipokuja kati ya dawa nilijifungia ndani, na kwenye lile tundu la ubao nilikuwa nimeweka kitambaa, nikisema upepo unaniumiza.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilitoa kitambaa. Nikamwita.

Jicho la Mama Riziki likaonekana. Likanitazama kichwani, likashuka kifuani, likabaki hapo.

"Balikufanya nini?"

Nikamweleza. Nilianza na siku ya bidoni, kicheko cha Mama Julienne, bibi wa kibuyu, mvua, wimbo uliokatika. Nilitegemea acheke kwenye kibuyu. Hakucheka. Jicho likaondoka tunduni. Nikasikia kandambili zake zikizunguka nyumba, mlango wangu ukafunguka, akaufunga nyuma yake. Kisha akafungua kikwembe.

Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba ziwa la kulia lilikuwa na ngozi kama ganda la chungwa lililokauka, kwamba chuchu ilikuwa imeingia ndani, na kwamba palikuwa na kidonda alichokifunika kwa jani na kitambaa safi, kitambaa alichokifua vizuri, akakipiga pasi.

"Ile siku ya reko," akasema, "nilikuwa nayo. Ilikuwa kidogo, kama haragi. Nilisema, nikienda batanikamata na maji. Nikakuuliza weye." Alikuwa anaongea polepole kama anayemfundisha mtoto. "Ulisema ni ya ng'ombe."

Nikapiga magoti. Sikujua nafanya nini.

"Nilikuuliza na kijiti. Ulisema, na kijiti."

Akafunga kikwembe, akatoka. Siku kumi na moja hakusema nami. Tundu alilizibia upande wake kwa gazeti. Nilisikia anavyokohoa, naye bila shaka alisikia ninavyolia, na ubao ulikuwa kati yetu. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwa Mama Julienne, tukaingia kwa Mama Riziki wote wawili bila kubisha. Akatutazama.

"Muko bawili juu munaniogopa?"

"Ndiyo," Mama Julienne akasema.

"Muna haki." Akachukua mfuko wake. Ulikuwa umekwisha kufungwa, uko nyuma ya mlango.

Nilishuka naye Goma. Nilimkalisha kwenye benchi yangu, nikamshikia kartoni yake. Docta alikuwa yuleyule. Soksi zilifanana siku hiyo, na nilijua kwa uso wake kabla hajafungua kinywa. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mifupa. Walimpa dawa ya kupunguza maumivu na ya kukausha kidonda, na kweli zilisaidia. Aliishi mpaka maharagi yakatoa maua. Alirudi kulala kwake, nami niling'oa ule ubao wenye tundu ili nipite bila kuzunguka.

Mchana mmoja, nikimkanda miguu, akasema, "Nilitiaka maji."

"Najua."

"Kikombe moja kwa bidoni. Siku ya soko, mbili."

"Mama Riziki, mutaa yote ilijua."

Akafumbua macho, ameshtuka kweli. "Yote?"

"Mpaka Mweso."

Alicheka mpaka ikamuuma, akanipiga mkono niache kumchekesha. Kisha akafuta machozi. "Sasa nilijificha nini?" akauliza. Nikaendelea kumkanda miguu. Baadaye akasema: "Uwaambie. Usiseme mama moja, sijui nani. Sema Mama Riziki alitiaka maji, akaogopa kijiti, akakufa. Na weye useme yako."

Nayasema basi. Yake nimesema. Yangu ni kwamba niliulizwa na rafiki swali moja, nikamjibu uongo wa neno moja, kwa sababu ya jina langu sokoni.

Tangu hapo natembea na reko. Miguu yangu imepata kazi. Mtaa kwa mtaa, kambi za watu waliokimbia vita, nimefika mpaka Kashuga, na mwezi uliopita nilifika Pinga na kupita ile kona baada ya Kalembe. Msitu ulikuwa palepale. Kwenye megafone tumebadilisha maneno: tunasema "maziwa ya mwili wako, si ya ng'ombe". Hata hivyo kila mara yuko mmoja anayekuja na bidoni, na sisi hatumcheki. Tunamwekea kivulini. Wanawake wengi wanapimwa na kurudi nyumbani bila kukutwa na kitu, wamepoteza asubuhi moja tu. Wachache wanaandikiwa karatasi. Nao nawaambia kwamba kutumwa Goma siku ileile ni bahati, ingawa siku hiyo hakuna anayeniamini.

Sokoni, juma lililopita, muuza maziwa mmoja alinivuta pembeni, akanong'ona: "Na kama muntu anatiaka maji?"

"Akuye na maji yake," nikamwambia.

Alikuja. Aliletwa na Riziki, binti wa marehemu, na wote wawili walikuwa wameketi kwenye benchi ya mbele ya santre tangu asubuhi, mikono mapajani. Nilisimama mlangoni nikitazama mbinguni kwa mazoea. Hakukuwa na wingu hata moja, jua lilikuwa kali, njia kavu, na kila mmoja wao angeweza kuinuka akaenda zake.

Mimi nilizuiwa na mvua. Wewe unayesoma, kama kwenu leo jua linawaka, nenda hivyohivyo.